Viatu vya Toto

Safari hii haikuwa yangu. Tiketi mbili tulizikata pamoja, mimi na dada mmoja Mfilipino ninayefanya naye kazi wadi moja hapa Uingereza. Mpango ulikuwa yeye aende kwao kumwona mama yake na mwanawe, nami nimfuate kama mgeni: nile maembe, nipige picha za bahari, nipumzike na zamu za usiku. Wadini kwetu kila mtu humwita Ate, maana yake dada mkubwa, na humu nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa hajakanyaga kwao miaka minne. Siku kumi na moja kabla ya kuondoka, asubuhi akitoka zamu, aliteleza kwenye barafu pale tunapoegesha magari, kifundo cha mguu kikavunjika pande mbili.

Nilimkuta wadi ya mifupa, ghorofa moja chini ya yetu, ametiwa vyuma na mguu umepandishwa juu ya mito. Nikamwambia basi tuahirishe, nami nitangoja. Akakataa katakata. "Wewe nenda. Mwanangu amehesabu siku ukutani. Afadhali aje mtu aliyeniona juzi kuliko asije mtu kabisa." Nilidhani ni dawa za maumivu zinazosema. Kesho yake akarudia yale yale, na dawa zilikuwa zimeshapunguzwa.

Nijieleze kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini habari ya viatu ilinikaa kooni. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, mkoa wa Tanga. Diploma ya uuguzi niliichukua nyumbani, nikafanya kazi hospitali ya wilaya miaka mitatu, ndipo nikaja huku kusoma shahada, nikabaki. Nina binti wa miaka minane anayelelewa na mama yangu. Nilipoondoka alikuwa na miaka miwili na nusu, na tangu hapo nimekwenda kumwona mara mbili. Mama yangu humwita Mama. Mimi huniita Mama Ulaya, ili tusichanganywe.

Ukitaka kujua watu wa nchi fulani wanaishije, kasimame kwenye mkanda wa mizigo wa uwanja wao wa ndege. Manila hayakuja masanduku ya magurudumu, yalikuja maboksi. Maboksi ya karatasi ngumu, makubwa hata mtoto angeweza kujificha ndani, yamezungushiwa gundi ya plastiki kila upande, na jina la mwenyewe limeandikwa kwa kalamu nene mara nne tano ili lisipotee. Wenyewe huyaita maboksi ya balikbayan. Balik ni kurudi, bayan ni kwenu. Balikbayan ni mtu aliyerudi kwao. Mengi hata hayapandi ndege, hutumwa kwa meli na kuchukua miezi miwili mitatu njiani, yamejaa sabuni, nyama ya kopo, chokoleti, taulo na viatu. Sisi tuna mapipa yetu ya plastiki na makontena ya kuchangia. Wao wana boksi.

Nilikuwa nimebadilisha ndege Dubai, na humo ndani karibu wote walikuwa Wafilipino wanaorudi likizo, wengi wao kina mama. Walilala kama waliopigwa sindano ya usingizi. Magurudumu yalipogusa ardhi, ndege nzima ikapiga makofi. Aliyekaa karibu yangu peke yake hakupiga. Alikuwa anajipaka rangi ya midomo kwenye kioo kidogo, mkono unamtetemeka, anafuta, anapaka tena.

Kutoka Manila hadi Iloilo, katika kisiwa cha Panay, ni saa moja na kidogo angani. Binamu yake Ate alinipokea kwa gari la kuazima. Tulipita mashamba ya mpunga yenye nyati wa kufugwa wamelala matopeni, kisha minazi, migomba, na majogoo ya kupiganisha yaliyofungwa kamba mguuni kila moja na kibanda chake. Mpaka hapo nilikuwa ugenini. Tulipofika kwao, mji mdogo wa pwani si mbali na Miagao, nikaiona nyumba kabla sijaonyeshwa. Nyumba ya mtu aliye nje huitambua popote: chini imekamilika, ina vigae na geti la rangi, na juu ya paa nondo za nguzo zimechomoza zikingoja ghorofa ya pili ambayo kila mwaka itaanza mwakani.

Mama yake alitoka barazani. Kule bibi huitwa Lola. Ate alikuwa amenifundisha adabu ya kwao: mkubwa anakupa mkono, wewe unainama unaugusisha kwenye paji la uso. Huita mano, neno la Kihispania la mkono, walilobaki nalo tangu walipotawaliwa. Nikainama, nikaupokea mkono, na kinywa changu bila kuniuliza kikasema, "Shikamoo." Lola akauliza nimesema nini. Nikamweleza kwamba kwetu mdogo humsalimu mkubwa hivyo, na husemekana asili yake ni kushika miguu. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, Kiingereza chake ni cha ubaoni, kila neno limesimama wima. Akasema, "Miguu ni chini sana. Huku tunaishia mkononi."

Kisha akageuka ndani akaita, "Toto!"

Niligeuka na mimi. Katika lugha yao, Kihiligaynon, mvulana huitwa Toto na msichana Inday, hata awe na majina mengine matano ya ubatizo. Nilikuja kuzoea siku za baadaye, lakini kila akina mama wa jirani walipoita watoto wao jioni, nilihisi nimesimama Pangani.

Toto hakutoka. Ana miaka kumi na mmoja. Alisimama nyuma ya mlango wa wavu, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye gari. Alikuwa ameambiwa habari ya mguu, na picha ameonyeshwa. Mtoto huambiwa akasikia, na bado akatazama gari. Binamu alipofunga mlango wa dereva na kuondoka, Toto naye akaingia chumbani.

Usiku ule nilikuta mezani sufuria mpya, bado ina alama ya gundi ya bei ubavuni, pamoja na mwiko mpya na sahani mbili mpya. Ate alikuwa amemweleza mama yake kwamba mimi ni Mwislamu, na huko nyama ya nguruwe ni ya kila siku. Lola hakunieleza kitu. Alinionyesha sufuria kwa kidole akasema, "Hii ni yako. Ukiondoka nitaiweka juu." Ndani mlikuwa na laswa, mchuzi mwepesi wa mboga: boga, bamia, majani ya mlonge, na jani jingine ambalo nilipochota likavutika. Mlenda! Nimekaa Uingereza miaka nikinunua mlonge wa unga dukani kwa bei ya dhahabu, na hapa ulikuwa umeota kwenye ua, unachumwa bure. Wanaunyweshea kina mama wanaonyonyesha, kama wengine wetu. "Kaon ta," Lola akasema, tule, nami nikala mpaka akacheka.

Boksi lilifunguliwa siku ya pili. Ate alikuwa amelituma Novemba, na Lola alilikalisha sebuleni bila kuligusa ili alifungue mwenyewe akifika. Sasa ikabidi mimi niwe mikono yake. Saa kumi na mbili jioni kwao ni saa nne asubuhi Uingereza, basi tukampigia kwa video, simu tukaiegemeza kwenye sanamu ya Mtoto Yesu juu ya kabati, naye akawa anatoa amri kutoka kitandani: hiyo ni ya shangazi, hiyo usifungue, hizo sabuni gawa tatu tatu. Majirani walikaa kwenye ngazi. Chini kabisa, ndani ya taulo, kulikuwa na kisanduku cha viatu vya michezo, vyeupe vyenye mstari wa buluu.

"Vaa, Toto, nikuone," mama yake akasema.

Nilimwona Lola akiinama kumsaidia kufunga kamba. Alimnong'oneza kitu. Toto akasimama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nije, akapiga hatua tatu kwenda na tatu kurudi mbele ya simu. "Vinakutosha?" "Oo, Ma." Ate akajifuta macho kwa shuka ya hospitali. Nami nilikuwa natabasamu kama mpumbavu, nimeshika taulo.

Kesho yake Lola akasema Toto anipeleke Miagao nikaone kanisa, avae viatu vipya, nimpige picha pale mbele kwa ajili ya mama yake. Tukapanda jipni. Hayo ni mabasi madogo yaliyozaliwa na magari ya kijeshi ya Wamarekani yaliyobaki baada ya Vita vya Pili. Abiria mnakaa mabenchi mawili mnatazamana, magoti kwa magoti. Kondakta hakuna, au hayupo kila mara. Unampa jirani yako nauli, naye anampa jirani yake, inakwenda mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji inarudi njia ile ile. Watu wanane walishika sarafu zangu na hakuna aliyezitazama. Nilifikiria njia ya Tanga na Pangani, nikaona bora nisilinganishe. Ukitaka kushuka, Iloilo husemi "shusha", unasema "lugar lang". Toto alinifundisha, nikasema vibaya, jipni nzima ikanisaidia kusema.

Kanisa la Miagao lilikamilika 1797, na tangu 1993 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na mengine matatu ya nchi hiyo. Rangi yake ni ya udongo wa manjano, minara yake miwili haifanani, na kuta zake nene kama za ngome. Mzee aliyekuwa akifagia pale alitusogelea bila kuitwa, akaanza kueleza kwamba unene huo ulikuwa kwa sababu ya maharamia wa Kiislamu waliokuja kwa bahari kutoka kusini kukamata watu. Hapo akauona mtandio wangu. Akakohoa. "Zamani sana," akasema. Nikamwambia kwetu pia yalikuwako ya kukamata watu na kuwapakia majahazini, na hadithi ni ndefu. Akacheka kwa kushukuru, akaendelea na maelezo.

Lakini lililonisimamisha ni lile lililochongwa mbele, juu ya mlango. Yuko mtu mkubwa amebeba mtoto, amejishikiza kwenye mti, na mti huo ni mnazi. Mnazi kabisa, na makuti yake. Pembeni ipo mipapai na mipera. Wazungu walikuja na mtakatifu wao, wachongaji wa Panay wakampa mti wanaoujua. Nilimuuliza Toto kama yule mkubwa ndiye baba wa mtoto.

"Hapana," akasema. "Anamvusha mto tu."

Nilimpiga picha mbili. Katika ya pili amekunja uso, na sikuona hapo kwa hapo. Niliona tulipoteremka kwenda ufukweni. Sisi wauguzi hutazama watu wanavyotembea hata tukiwa likizo, ni ugonjwa. Alikuwa anakanyaga kwa kisigino na ukingo wa nje wa mguu. Nikamwambia akae kwenye ukuta wa bahari avue. Akakataa. Nikakaa mimi kwanza, nikavua vyangu, tukawa tunatazama mashua za wavuvi, nyembamba, zenye mirengu miwili ya mianzi ubavuni. Nikamwambia kwetu zipo na tunaziita ngalawa. Nikamweleza na jambo linalonifurahisha siku zote, kwamba watu wa visiwa vya upande huu wa dunia waliivuka Bahari ya Hindi zamani wakafika Madagaska, na Kimalagasi cha leo ni ndugu wa lugha za kwao, si wa lugha zetu za bara. Akauliza walichukua siku ngapi. Wakati najaribu kujibu, akavua kiatu.

Kucha ya kidole gumba ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Vidole viwili vya pembeni vimechubuka. Ndani ya soksi mlikuwa na karatasi za msalani zilizokunjwa.

"Lola aliniambia nikunje vidole," akasema. "Kwa simu tu. Halafu leo kwa picha."

Tukaenda sokoni peku, wote wawili, kununua ndala. Hapo ndipo nilipokutana na mtu ambaye hata leo nikisimulia watu hudhani natunga. Jirani na muuza ndala alikaa mama wa miaka kama sitini anauza samaki wakavu. Aliniangalia, akaangalia mtandio, akauliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akasimama. "Njoo hapa!" akasema kwa Kiswahili. "Upesi! Leta maji!" Kisha akaangua kicheko.

Alifanya kazi za ndani Maskati miaka tisa. Bibi wa nyumba ile alikuwa Mwomani aliyezaliwa Unguja, na wasomaji wetu wa Maskati mnazijua nyumba hizo, ambazo bibi akikasirika au akiumwa Kiarabu humtoka mdomoni na Kiswahili hurudi. Huyu mama ndiye aliyemwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Alinitolea maneno yake yote, moja moja, kama anayehesabu sarafu: leta, weka, ngoja, funga mlango, si hivyo, polepole, nitaanguka. Nikaona kwamba Kiswahili chake chote ni cha kuamrishwa. Nikamuuliza kama hakuna neno jingine. Alifikiri, akipunga nzi juu ya samaki.

"Nisamehe," akasema. Bibi alikuwa akimwambia hivyo siku za mwisho, kila akilishwa. Maana yake alielezwa na wajukuu baada ya mazishi.

Wanawe mwenyewe alikuwa amewaacha na baba yao. Sasa wakubwa, mmoja yuko kwenye meli za watalii, mwingine Riyadh. Hakukubali pesa yangu ya samaki. Nilimwachia kanga niliyokuwa nimejitanda mabegani, akaisoma maandishi kwa sauti, silabi kwa silabi, bila kujua anasema nini, na matamshi yake yalikuwa safi kuliko ya binti zangu wa shangazi waliozaliwa London.

Usiku, Toto alipokwisha kusafishwa vidole kwa maji ya chumvi na kulala, nilimfuata Lola jikoni. Sikujua pa kuanzia. Alianza yeye.

"Usimwambie, Inday. Amefanya kazi usiku kwa ajili ya viatu vile."

Nikamwambia kucha itang'oka. Akasema itaota nyingine. Akaendelea kukausha sufuria yangu, akaikausha zaidi ya inavyohitaji. Kisha akanieleza. Mwaka wa kwanza viatu vilibana kidogo, akaona aibu kusema, akasema vinatosha. Mwaka wa pili binti yake akaongeza namba moja juu ya ile. Mwaka wa tatu hivyo hivyo. Suruali aliweza kuachia pindo, viatu havina pindo. Vya mwaka juzi alimpa mtoto wa jirani, na Toto alimtumia mama yake picha za kuanzia kiunoni kwenda juu. "Sasa nitamwambiaje? Kwamba miaka yote nilikuwa nadanganya? Huwa ananunulia mtoto aliyemwacha."

Kazini tunajua kosa la namna hii. Siku ya kwanza mtu anaandika uzito wa mgonjwa kwa kukisia, na kila zamu inayofuata inanakili. Hakuna anayempima tena kwa sababu namba ipo. Dawa inatolewa kwa mtu ambaye hayupo kitandani. Nilitaka kumweleza hivyo Lola, nikaona sina haki. Mimi nilikuwa mgeni wa siku ya nne katika nyumba hiyo.

Fagio lilikuwa limeegemea ukuta wa jikoni, fagio la chelewa, limefungwa shingoni kama tunavyofunga sisi. Wakati wa utoto wangu, mtu akienda Tanga mjini kununua viatu, bibi yangu alikuwa akichomoa kijiti kimoja kwenye fagio, anakuweka chini, anakipima kutoka kisigino hadi kidole kirefu, anakivunja, na msafiri anakitia mfukoni. Dukani kijiti kinaingizwa ndani ya kiatu, maneno yamekwisha. Nikachomoa kimoja nikamwonyesha Lola. Asubuhi, Toto akinywa maziwa, nikampima. Alicheka, kwanza kwa sababu ya kutekenywa, kisha akauliza ni cha nini, nikamwambia. Akanyamaza akamtazama bibi yake.

Lola akakichukua kile kijiti mkononi mwangu, akakirudisha kwenye fagio. "Hapana," akasema, na siku nzima hakusema zaidi.

Siku mbili zilizobaki zilipita kwa kula. Toto sasa alinifuata kila mahali na ndala zake, akiniuliza kama mama yake hula wali huko, kama huwa ana rafiki mwingine zaidi yangu, kama wagonjwa humpiga. Nikajibu yote kweli, hata la mwisho. Asubuhi ya kuondoka binamu alipowasha gari, Lola aliniletea kifurushi cha maembe makavu na biskuti. Nikampa mano. Aliushika mkono wangu, hakuuachia, akanitia kiganjani karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa nyembamba na kufungwa uzi. Ilikuwa ndefu kuliko kiganja. Hakusema kitu. Toto alikuwa nyuma yake, ameegemea mlango, anatazama miguu yake.

Niliisafirisha ndani ya pasipoti. Manila ofisa wa uhamiaji aliifungua, akaona kijiti cha fagio, akanitazama, akafunga.

Nilimkuta Ate amesharudishwa kwake, anatembea na magongo. Nikampa maembe, salamu, picha. Mwisho nikampa karatasi. Alifungua uzi, akageuza kijiti huku na huku. Akauliza ni nini.

"Mguu wa Toto."

Alikaa kimya muda. Kisha akakiweka sakafuni karibu na mguu wake mzima. Tofauti haikuzidi upana wa kidole. Akauliza, "Tangu lini?" nikamwambia amuulize Lola, lakini amuulize polepole, na kwamba Lola ndiye aliyenipa. Akaishika simu, akatazama saa, akaiweka. Kule ilikuwa saa tisa usiku.

Mimi sikulala vizuri. Asubuhi, kabla hata ya chai, nikapiga Pangani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi salama huko ulikokwenda?"

"Salama, Mama. Vile viatu vya Idi, vinamkaa?"

"Vinamkaa."

Alijibu haraka mno. Mama yangu huwa hajibu haraka, hata ukimuuliza saa.

"Mama, naomba uchomoe kijiti kimoja kwenye fagio."

Nikasikia kuku. Nikasikia mtu akipita na baiskeli, akisalimu, na Mama hakuitikia.

"Nani kakwambia?" akasema.

Sikujibu. Akamwita mtoto. Nikasikia vishindo vya mbio, nikasikia, "Mama, unanitekenya!" na kicheko ambacho kwenye video huwa sikisikii, kwa sababu kwenye video huwa anakaa vizuri. Mama alishona nguo za watu miaka mingi, futi yake ya kushonea bado ipo kwenye droo ya cherehani. Akakilaza kijiti juu yake akanisomea: sentimita 21. Kwenye daftari langu la ununuzi nilikuwa nimeandika 19. Nikaikata, nikaandika 21, na tarehe.

"Mama, na huu mwingine," mtoto akasema.

Mama akapima na ule mwingine.